Mafundi wa Seva Waige Watu wa Chai

Mgeni afikaye Kericho hustaajabia kijani cha majani chai. Mwenyeji hutazama mawingu. Hapa ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako mvua ya mawe hunyesha mara nyingi zaidi, nazo radi haziko mbali. Alasiri moja radi ilipiga karibu na chuo ambako nilikuwa nikifundisha. Umeme ulikatika, jenereta ikakataa kuwaka, na seva iliyobeba alama za wanafunzi ikaharibika. Tulipotafuta nakala za akiba tuligundua kwamba zilihifadhiwa ndani ya seva iyo hiyo! Fundi wetu alikuwa kijana mwenye bidii, ila hakuwa na mwenzake wa kumwonya. Baadaye nilisikia kwamba jirani zetu walipatwa na mkasa kama huo mwaka uliotangulia, wakanyamaza kwa kuona haya.

Linalonishangaza ni kwamba haya hutokea Kericho. Mwaka wa 1951 Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki iliundwa papa hapa. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 kazi hiyo haikufa, na leo inaendelezwa chini ya KALRO. Makampuni yaliyoshindana katika mnada wa Mombasa yalitegemea utafiti mmoja, na aina ya mche iliyofaulu Kericho ilipandwa hata na mkulima mdogo wa Bomet.

Wataalamu wa intaneti nao walilitambua hilo mapema. Mwaka wa 1999 waliunda chama chao, TESPOK. Mwaka uliofuata wakaanzisha KIXP, ili ujumbe kati ya mitaa miwili ya Nairobi usizunguke ng'ambo kwa setilaiti. Telkom ililalamika, kituo kikafungwa. Chama kilikitetea hadi kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Fundi mmoja mmoja angeliweza wapi?

Basi mafundi wa Kabianga, wa Bomet, wa hospitali na viwanda vya chai, wakutane kila muhula, na wanafunzi wao wawepo. Kila mmoja aeleze kilichoharibika kwake, pasipo kulaumiwa. Watakaodai kwamba siri za waajiri zitavuja wanakosea: kusimulia jinsi betri ilivyokufa si kutoa neno la siri la mtu. Kisha wafanye jambo ambalo ni wachache hulifanya, yaani kuzirejesha nakala za akiba ili kuhakikisha kwamba zinasomeka.

Mimi nitaleta daftari la mkasa wetu. Je, jirani zetu watalileta lao?