Motoka inalia? Sikiliza kwanza, mbele ya kufungua motere

Mu Likasi na Kolwezi, motoka nyingi zinazobeba watu wa mine na familia zao ni za zamani, zilizotoka Japani zikiwa zimekwisha kutembea miaka mingi. Siku moja motoka inaanza kulia na kutetemeka. Mu garaje wanasema motere imekufa, inunuliwe ingine. Mushahara wa miezi unaenda, na pengine ubaya ulikuwa buji moja tu.

Basi, ndugu musomaji, sikiliza mbele ya kulipa.

Kwanza, simamisha motoka, toa vitesi, vuta freni ya mukono, kanyaga mafuta kidogo. Kelele ikipanda pamoja na motere, iko mu motere ao mu vitu vinavyozungushwa nayo, kama kurwa. Lakini kama inalia tu wakati motoka inatembea, angalia upande wa magurudumu: rulema, pine, kardan. Ile inayolia ka-ka-ka wakati wa kukata kona, mara nyingi ni kardan.

Pili, mutetemo. Motoka ikitetemeka wakati imesimama, pengine mipira inayoshika motere imepasuka. Hiyo inaonekana kwa macho. Pengine silinda moja haiwaki. Makanisie akuonyeshe ni silinda gani, kisha abadilishane buji yake na ya silinda ingine. Ubaya ukihama pamoja na buji, nunua buji, basi.

Tatu, pima mafuta ya motere asubuhi, mbele ya kuwasha, motoka ikiwa mahali pa sawa. Mafuta ikipunguka, motere inaweza kulia tak-tak upande wa juu. Ongeza, sikiliza tena.

Lakini kuna mulio mumoja wa kuogopa: mulio muzito toka chini, ngo-ngo-ngo, unaozidi wakati wa kupanda mulima. Ukisikia ule, ao taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, simama pembeni, zima motere palepale. Usiseme «nitafika tu ku nyumba». Chuma inasaga chuma bila mafuta, na kilometa chache tu zinaweza kumaliza motere ambayo ingetengenezwa. Motoka ivutwe na ingine.

Baba ao mama, mbele ya kutoa feza, uliza makanisie: «Umejua namna gani?» Makanisie wa kweli atakuonyesha kitu chenyewe kilichoharibika.