Nyumbu hunenepa kwa nyasi, sisi je?

Swali la wiki hii sikulitunga mimi. Niliulizwa na mama mmoja wa Issenye, wilayani Serengeti, tukiwa uani kwake jioni, ng'ombe wa majirani wakirudi kutoka malishoni. Aliniambia hivi: "Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu nieleze. Kila mwaka nyumbu wanapita huku bonde la Grumeti, hawali kitu ila majani, na wamenenepa. Sisi mtama ukikauka shambani tunalala njaa, na nyasi zimetuzunguka pande zote. Mungu alitunyima nini?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana jibu sikuwa nalo. Niliporudi mjini nilifungua vitabu, na leo namjibu mbele yenu nyote.

Jambo la kwanza litakalomshangaza ni kwamba nyasi na ugali karibu ni kitu kimoja. Mmea huchukua maji ya ardhini na hewa ya ukaa, na kwa nguvu za jua hutengeneza sukari iitwayo glukosi. Sukari hiyo haiwezi kuwekwa ghalani hivyo hivyo ikiwa punje moja moja, kwa sababu huvuta maji, na chembe hai iliyojazwa sukari ya namna hiyo ingevimba mpaka ipasuke. Kwa hiyo mmea huzitunga punje hizo kama mtu atungavyo shanga, mamia na maelfu katika uzi mmoja. Mnyororo wa namna hiyo wataalamu huuita polisakaridi, yaani sukari nyingi zilizounganishwa. Wanga wa mtama, wa mahindi na wa muhogo ni mnyororo wa glukosi. Selulosi, ambayo ndiyo inayosimamisha jani la nyasi, nayo ni mnyororo wa glukosi ile ile.

Sasa tofauti iko wapi? Iko katika namna ya kutunga tu. Katika wanga shanga zote zimeelekea upande mmoja, na uzi wa namna hiyo hujipinda wenyewe kama springi. Hulala umelegea, maji hupenya kati yake ukichemshwa, na ndiyo maana unga ukimwagwa katika maji ya moto huvimba na kushikana ukawa ugali. Katika selulosi shanga moja imesimama sawa, inayofuata imepinduliwa kichwa chini, ya tatu imesimama tena, na kuendelea hivyo. Uzi huo haujipindi. Hunyooka kama kamba iliyovutwa, nyuzi hulala bega kwa bega, zikakumbatiana kwa nguvu kama kuni zilizofungwa tita, na maji hayapati pa kupenya. Pamba inayolimwa mkoani Mara karibu yote ni selulosi. Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa umevaa shati la pamba, ujue umevaa sukari. Na mvua ikikunyeshea kituoni ukingoja basi huyeyuki. Hata karatasi uliyoshika imetokana na selulosi.

Ili tufaidi mnyororo wowote ni lazima ukatwe kwanza. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, na kila kimeng'enya ni kama ufunguo wa kufuli moja. Katika mate yetu mna ufunguo wa wanga. Tafuna tonge la ugali polepole bila mchuzi wowote, usimeze, na baada ya muda utaonja utamu: ni mnyororo unakatika mdomoni mwako. Ufunguo wa selulosi hatukupewa. Tukila nyasi zitapita tumboni na kutoka jinsi zilivyoingia, na tutakufa njaa tumeshiba.

Mama angeniuliza papo hapo, "Nyumbu je, yeye amepewa?" La hasha! Nyumbu naye hana, wala ng'ombe, wala mbuzi. Alichopewa ni tumbo la kupangisha. Tumbo lake lina sehemu nne, na ile ya kwanza, iliyo kubwa kama pipa, imejaa bakteria na vijidudu vingine visivyohesabika ambavyo funguo wanazo. Nyumbu huwapelekea majani, hulala kivulini akicheua ili yasagike zaidi, na vijidudu huyavunja na kuacha asidi ambazo damu ya mnyama huzichukua kuwa nguvu. Kisha vijidudu wenyewe husukumwa mbele katika tumbo la mwisho, nao wakaliwa. Mpangaji hulipa kodi, halafu mwenye nyumba anamla mpangaji. Mchwa wa vichuguu vikubwa vya mbugani wana ujanja wao pia: hulima uyoga ndani ya kichuguu, uyoga ukalainisha miti na majani makavu, nao wakala.

Wanyama nasi tuna ghala letu la glukosi, liitwalo glikojeni, aliloligundua Mfaransa Claude Bernard katika ini katikati ya karne ya 19. Mtu mzima aliyekula vizuri ana kama gramu 100 hivi katika ini na kama gramu 400 katika misuli. Akiba ya ini ndiyo inayotufikisha asubuhi tukilala bila kula, na baada ya siku moja hivi ya njaa imekwisha. Mnyororo wake una matawi mengi kupita wa wanga, na sababu yake utaiona mbugani. Glukosi hukatwa kutoka kwenye ncha, na kila tawi lina ncha yake. Ncha zikiwa nyingi, sukari hutoka nyingi kwa mara moja. Nyumbu aliyeona simba anaihitaji sasa hivi. Muhogo haukimbizwi na mtu.

Muhogo lakini una silaha nyingine, na hapa ndipo swali la mama linapoacha kuwa la kuchekesha. Katika maji ya chembe za muhogo mchungu mna kitu kiitwacho linamarini. Ni punje ya glukosi iliyofungwa pamoja na kitu chenye sumu ya sianidi ndani yake. Kimeng'enya cha kukitengua kimehifadhiwa mbali nacho, katika ule ukuta wa selulosi unaozunguka chembe. Ukuta ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukipondwa au kulainishwa na ukungu, hukutana, sianidi hufunguliwa na kuruka hewani. Ndiyo kazi ya udaga: muhogo humenywa, hurundikwa, hufunikwa mpaka uote ukungu na kulainika, kisha hukwanguliwa, hupondwa na kuanikwa juani. Kuukata vipande na kuuanika tu hakutoshi, kwa sababu kuta nyingi hubaki nzima na sumu ndani.

Mwaka 1985, wilayani Tarime, mkoa huo huo wa Mara, ukame uliwabakishia watu muhogo mchungu. Njaa ilipobana walifupisha siku za kuutayarisha, na mboga ya kutia nguvu, nyama au maharage, haikuwapo. Watu waliolala wazima waliamka miguu yote miwili imekakamaa. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika huko Kwango mwaka 1938. Huwashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na miguu ikishakakamaa hairudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo wakati wa ukame muhogo huwa hatari mara mbili, maana mmea uliokosa maji huongeza linamarini, na mlaji aliyekosa chakula hupunguza subira.

Jioni ile pembeni mwa jiko la yule mama palikuwa na rundo limefunikwa kwa majani na gunia. Mjukuu wake alikuja akalifunua kidogo, akauliza, "Bibi, huu haujawa tayari?" Bibi akabonyeza kipande kimoja kwa kidole gumba, akakiona bado kigumu katikati, akarudisha gunia. "Bado siku mbili," akasema, na usiku ule tukala ugali wa mtama wa kuazima kwa jirani.