Si Kila Unyonge ni Uzee

Mzee wa Wiyoni, mjini Lamu, aliyeshinda ujanani mwake akivuta jarife na kushusha mizigo ya mashua, hufika siku akashindwa kuinuka kitandani pasi na kujiegemeza kwa mkono. Mapaja yamesinyaa, mashavu ya miguu yamepwaya. Akiwaeleza jamaa zake, jawabu huwa ni moja: "Ni uzee huo." Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa mtu ambaye kazi yake ni maneno, jawabu hilo lina la kuzingatiwa. Lugha yetu imeufunga umri na udhaifu katika fundo moja. Neno ukongwe, litokanalo na kitenzi konga, lina maana ya kuzeeka sana pamoja na kuishiwa nguvu. Asemaye kwamba fulani amekonga hutaja hali mbili kwa mkupuo mmoja, na msikilizaji haulizi ni ipi kati ya hizo iwezayo kutibika.

Wataalamu nao walichelewa kuzitenganisha. Mwaka 1989 Irwin Rosenberg, mtaalamu wa lishe wa Marekani, alipendekeza neno sakopenia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: nyama na ufukara. Ufukara wa nyama! Kwa kupata jina, upungufu wa misuli uzeeni ukapata na watafiti. Wataalamu wa Asia, wa Japani, Uchina na Korea Kusini wakiwamo, waliona kwamba vipimo vya Ulaya havikulingana na miili wala maisha ya watu wao. Wakaafikiana vyao mwaka 2014, wakavirekebisha mwaka 2019. Kwa marekebisho hayo, mwanamume ambaye nguvu za mshiko wa mkono wake hazifiki kilo 28, au mwanamke asiyefikisha 18, huhesabiwa kuwa amepungukiwa na nguvu za misuli. Kipimo kingine hakihitaji mashine: mzee huinuka kitini mara tano bila kutumia mikono. Akichukua sekunde 12 au zaidi, hapana budi achunguzwe.

Sisemi namba za Waasia zihamishiwe Wiyoni kama zilivyo. Funzo lao ni kwamba waliwapima watu wao wenyewe badala ya kuazima kipimo cha jirani. Hata hivyo, kiti kimo katika kila nyumba.

Faida ya kupima ipo. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walitangaza matokeo ya wakongwe wa umri wa wastani wa miaka 90, waliofanyishwa mazoezi ya uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174.

Hapa ndipo adabu yetu inapotukosesha. Tunampokonya bibi ndoo mkononi na kumwambia, "Keti, sisi tupo." Tunadhani tunamheshimu, kumbe tunamwondolea kazi ya mwisho iliyokuwa ikiitunza misuli yake. Tumwache atende aliwezalo, tumpe samaki na kunde za kutosha, na akikonda ghafula tumpeleke hospitali, kwani huenda ni kisukari au kifua kikuu.

Umri haurudishwi nyuma. Nguvu, kwa kiasi chake, hurudi. Lakini hazirudi kwa mtu ambaye jamaa zake wamekwisha kumhukumu kwa neno moja.