Zamu ya Wauguzi Inapobadilika, Taarifa za Mtoto Mchanga Zisipotee

Mama wa Chaka aliyejifungua mtoto njiti anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyeri. Mtoto huyo hulazwa siku kadhaa, hata wiki, na kila siku huuguzwa na zaidi ya muuguzi mmoja. Zamu moja ikitoka na nyingine kuingia, wauguzi hupeana taarifa za kila mtoto. Hayo ndiyo makabidhiano ya zamu.

Kwa nini ni muhimu?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Lengo la dunia ni kutozidi 12 ifikapo mwaka 2030.

Mtoto njiti ana akiba ndogo ya mafuta na sukari mwilini. Wengi hulishwa kila baada ya saa tatu. Asiponyweshwa kwa sababu zamu mpya ilidhani tayari amenyweshwa, sukari yake inaweza kushuka. Dawa ya jentamaisini, ambayo mtoto mchanga kwa kawaida hudungwa mara moja kwa siku, ikirudiwa kimakosa inaweza kudhuru figo na masikio.

Makabidhiano mazuri yakoje?

Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani lilishauri hospitali zitumie utaratibu mmoja wa kupeana taarifa. Muuguzi anayetoka hueleza mambo manne:

• Hali ya mtoto sasa: joto, kupumua, uzito.
• Historia yake: alizaliwa lini, ana tatizo gani.
• Tathmini: anaendelea vizuri au anadhoofika.
• Kinachofuata: dawa, maziwa au kipimo, na saa yake.

Hufaa yafanyike kando ya kitanda cha mtoto, chati ikiwa mkononi. Joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Muuguzi anayeingia huuliza maswali na kurudia maagizo ili kuhakikisha ameelewa. Watoto walio katika hali mbaya hutajwa kwanza, hasa usiku, muuguzi mmoja anapohudumia wengi.

Mzazi afanye nini?

Wauguzi hubadilishana, lakini mama hubaki. Akumbuke saa aliyomnyonyesha au kumkamulia mtoto maziwa, na amwambie sista wa zamu mpya. Akiona mtoto amepoa, hanyonyi au anapumua kwa shida, aseme mara moja bila kungoja zamu.

Makabidhiano ya mwisho ni siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mzazi ahakikishe uzito, dawa na tarehe ya kliniki vimeandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto, kisha akionyeshe katika kituo cha afya kilicho karibu naye na kwa mhudumu wa afya ya jamii.