Inchi Ishirini Kwenye Vumbi la Kamanga

Fundi alivisha tairi mpya kwenye ringi, akaishika kwa viganja viwili na kuitikisa. Ilicheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. "Mwalimu, tairi hii si ya baiskeli hii," aliniambia. Tulikuwa chini ya mti upande wa Kamanga, na kivuko kilikuwa kimeshageuza kurudi Mwanza mjini, nilikoinunua ile tairi asubuhi hiyohiyo. Ubavuni mwa tairi ya zamani pameandikwa 20 x 1.75. Ile mpya ilisomeka 20 x 1 3/8. Muuzaji alisema inchi ishirini ni inchi ishirini, nami nikalipa.

Katika baiskeli za kukunja kama yangu, hakuna namba inayodanganya watu kuliko hiyo ishirini. Zamani inchi zilipimwa nje, kuanzia ukingo hadi ukingo wa tairi iliyojaa upepo. Tairi nene ilivishwa ringi ndogo, nyembamba ikavishwa ringi kubwa, zote zikatoka na jina moja. Ukitaka ukweli, tafuta namba nyingine iliyochongwa kwa herufi ndogo ubavuni, mara nyingi imefunikwa na vumbi: 47-406, au 37-451. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa juu ya ringi, na hiyo haina mjadala. Ringi yangu ni 406 na tairi niliyouziwa ni 451. Milimita 45 za tofauti hazizibwi kwa upepo wala kwa ufundi.

Kuna mtego mkubwa zaidi. Kwa hesabu za darasani, 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja. Kwenye tairi sivyo: 20 x 1.75 ni 406, lakini 20 x 1 3/4 ni 419, na haziingiliani. Nimefundisha desimali na sehemu miaka mingi, na sijaona mahali pengine ambapo jibu sahihi la mwanafunzi lingemwacha njiani. Kwa hiyo usimtajie muuzaji inchi. Mpelekee tairi ya zamani, au namba ya milimita kwenye karatasi. Ukiwa na baiskeli ya mkono wa pili kutoka Japani angalia mara mbili, maana baadhi ya zile za magurudumu madogo zinavaa 451.

Inayopatikana kwa urahisi kuliko zote ni 406. Ndiyo ya baiskeli za watoto za inchi 20, na ndiyo ya BMX, mchezo ulioingia Olimpiki Beijing mwaka 2008. Kokote watoto wanakonunuliwa baiskeli, tairi na mpira wake wa ndani haviko mbali. Ngumu kuliko zote, kwa mtu wa huku ziwani, ni 349 inayovaliwa na Brompton ya Uingereza. Kampuni hiyo ilitimiza baiskeli milioni moja mwaka 2022, lakini mimi sijawahi kuiona tairi yake katika duka la Mwanza. Nayo huitwa inchi 16, sawa na ile ya watoto ambayo ni 305, na mtego ni uleule. Mwenye Brompton anunue tairi mbili kabla ya kuzihitaji.

Watu wakiona magurudumu haya hudhani ni ya mchezo. Lakini mwaka 1986, mjini Vancouver, Jim Glover aliendesha baiskeli ya Moulton yenye magurudumu ya inchi 17, ikiwa imefunikwa bodi ya kupunguza upepo, akafika kilomita 82 na nusu kwa saa. Kabla yake, Desemba 1962, John Woodburn alivunja rekodi ya kutoka Cardiff hadi London kwa Moulton, mwaka uleule baiskeli hiyo ilipotoka. Mbunifu wake, Alex Moulton, aliona kwamba gurudumu dogo lenye tairi nyembamba iliyojazwa upepo mwingi, likisaidiwa na springi, halibaki nyuma. Na kasi kubwa kuliko zote aliyowahi kufikia binadamu juu ya baiskeli kwa kukanyaga pedali, kilomita 296 kwa saa, ni ya mwanamke: Denise Mueller-Korenek, Septemba 2018, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akijikinga upepo nyuma ya gari. Baiskeli yake ilikuwa na magurudumu ya inchi 17 yaliyovaa tairi za pikipiki.

Pamoja na hayo yote, katika mbio za barabarani gurudumu hili limepigwa marufuku. Sheria za chama cha dunia cha mbio za baiskeli, UCI, hazikubali humo gurudumu lenye kipenyo chini ya sentimita 55 pamoja na tairi yake. Langu lina 50. Mbio za ubingwa wa dunia za barabarani zilipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, hapo jirani Kigali, Septemba 2025, baiskeli kama yangu isingeruhusiwa hata kusogea kwenye mstari wa kuanzia.

Dogo kuliko yote ninalolifahamu ni la A-bike, iliyoletwa na Clive Sinclair mwaka 2006: inchi 6, sawa na kisahani cha kikombe. Nililipigia hesabu kwa ajili ya barabara yetu. Kwenye ufa wa sentimita 10, gurudumu hilo linazama milimita 19. Langu la inchi 20 linazama milimita 5, na la baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 linazama tatu na nusu. Tofauti hiyo unaihisi mgongoni, hasa pale changarawe inapojikunja matuta membamba baada ya malori kupita.

Gurudumu dogo pia linazunguka kuliko lolote. Katika kilomita moja, tairi yangu inapiga mizunguko kama 640, ya Phoenix 445. Ndiyo maana kashata za tairi yangu huisha upesi, hasa nyuma, nami huibadilisha kabla haijawa kipara. Adui mkali kuliko wote si msumari wala kioo, ni mbigili. Mbegu yake ikikauka ina miiba migumu iliyopangwa kwa namna ambayo ikianguka vyovyote, mmoja unabaki umetazama juu. Nimewahi kuchomoa saba kwenye tairi moja, kati ya gati na shule.

Kwa hiyo nasema wazi: kwa mtu anayeshuka Kamanga, tairi bora ni nene kuliko zote zinazoweza kupita kwenye uma na madigadi ya baiskeli yake. Mimi nimeishia 47-406, yenye kashata fupi zilizobanana na utepe mgumu ndani unaozuia miiba. Inaongeza uzito na sijutii gramu hata moja. Nyembamba za rekodi nawaachia wenye lami. Kabla ya kulipa, ikunje baiskeli mbele ya muuzaji na tairi mpya ikiwa ndani, maana nyingine zikinenepa hugusa fremu na kufuli halifungi. Tazama pia upepo ulioandikwa ubavuni. Yangu inakubali psi 40 hadi 65. Kwenye lami ya mjini naiweka 60, na nikivuka naipunguza hadi 45.

Siku ile fundi alinirudishia tairi yangu ya zamani, akaitia kiraka kwa ndani kwa kipande cha mpira wa pikipiki, nikafika nilikokuwa nakwenda. Wiki iliyofuata nilimletea mpya yenye namba sahihi. Akaisoma kwa kidole, polepole, kisha akachukua chaki na kuandika 406 kwenye kifuniko cha sanduku lake la vifaa. Chini yake akaandika 451, na katikati akapiga mstari mnene.