KAZI YA MGONGO WA FARASI
Neno kwa Vijana na kwa Wazee Wao



Mwezi uliopita alitujia mzee wa mwanafunzi wetu wa zamani, naye uso umemkunjamana. Akatuambia: "Maalim, kijana huyu amekhitimu kwako juzuu thelathini, na skuli nimemlipia mpaka kidato cha nne. Leo ananambia ataka akajifunze kukanda migongo ya farasi na kupima matandiko yao. Hivi nimemsomesha ili awe saisi?" Tukamwomba atupe muda tuitazame kazi hiyo kabla ya kuihukumu, kwani kulihukumu jambo usilolijua ni dhulma. Tumeitazama, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa sababu hatudhani kuwa mzee huyu yu peke yake.

Kwanza tuliondoe neno la aibu. Katika Qurani tukufu iko sura nzima, Al-Adiyat, inayoanza kwa kiapo cha farasi waendao mbio. Na katika Surat An-Nahl farasi, nyumbu na punda wametajwa katika hesabu ya neema tulizopewa. Waislamu wa kale hawakuiona khidma ya farasi kuwa kazi ya watu duni. Walikuwa na elimu yake, wakiiita furusiya, na walikuwa na matabibu wake, wakiwaita mabaitari. Katika karne ya 14, mjini Cairo, Abu Bakr bin Badr, aliyekuwa baitari wa Sultani Al-Nasir Muhammad bin Qalawun, alitunga kitabu kikubwa juu ya malezi ya farasi na maradhi yao. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim wa Damascus naye aliandika juu ya furusiya. Basi anayesema kuwa kazi hii haimstahiki mtu aliyesoma, na afikiri tena.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kwa hakika ni kazi tatu zilizofungwa kwa kamba moja: mwili wa farasi, tandiko lake, na mtu anayempanda.

Farasi hana mtulinga. Miguu yake ya mbele haikuungwa na kiwiliwili kwa mfupa. Inashikiliwa kwa misuli na kano, hata kifua chake kimening'inia baina ya mabega mawili mfano wa mtoto katika mbeleko. Kwa hiyo misuli hiyo ikikaza au ikiuma, mwendo wote huharibika. Mkandaji aliyefundishwa hupitisha mikono yake kutoka shingoni mpaka mapajani, akitafuta palipo na joto, palipokaza, na mahali ambapo mnyama hushituka akiguswa. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, Jack Meagher, aliyekuwa akiwakanda wanamichezo, aliuchukua ufundi huo akaupeleka kwa farasi wa mashindano, na tangu hapo wengi wamemfuata.

Lakini ukimkanda farasi leo, na kesho akavikwa tandiko lile lile linalomuumiza, umefanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Ndipo inapokuja kazi ya pili. Tandiko zuri lina kiunzi ndani yake, na chini yake mito miwili iliyoachana, ili baina yao pawe na mfereji na uti wa mgongo usiguswe kabisa. Lazima lisiyabane mabega, wala lisivuke nyuma ya ubavu wa mwisho. Fundi huchukua rula inayopindika, akailaza juu ya mgongo, akachora umbo lake katika karatasi na kuandika tarehe. Baada ya miezi huchora tena, kwa kuwa mgongo wa farasi hubadilika kwa mazoezi, kwa malisho na kwa umri. Mnyama akivuliwa tandiko hali ametoka jasho, fundi hutazama kama pana mahali pakavu, kwani huenda hapo ndipo palipobanwa mno. Na nywele nyeupe zilizoota juu ya mgongo mweusi mara nyingi ni kovu la tandiko baya la zamani.

Kazi ya tatu ni kumfundisha mpandaji. Mtu akikaa upande, tandiko huvutika upande, na farasi hulazimika kujipinda ili ambebe. Mwalimu mmoja wa Marekani, Sally Swift, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 2009, alikuwa na uti uliopinda tangu utotoni. Kwa sababu ya taabu hiyo alijifunza mno namna mwili unavyojisawazisha, na mwaka 1985 akatoa kitabu kinachowafundisha wapandaji kupumua vizuri, kutuliza macho, na kukaa katikati. Na huenda kosa lisiwe la mpandaji wala la tandiko: uchunguzi wa madaktari wa wanyama wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa tandiko linalotelezea upande mmoja mara nyingi ni dalili ya farasi anayechechemea mguu wa nyuma. Basi ajuaye moja tu katika matatu haya aweza kuulaumu mkono kwa kosa la mguu.

Hapa hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukichukua mchanga wa kujengea kwa punda wa mjomba wetu. Punda mmoja alikuwa akiuma na kupiga mateke kila akitwikwa, nasi tukimwita mkaidi na kumpiga fimbo. Siku moja shogi lilikatika kamba, likaanguka, na chini yake tukaona kidonda kipana kama kiganja, kimejaa usaha. Mnyama yule hakuwa mkaidi hata siku moja. Alikuwa akisema kwa ulimi alionao, nasi tukimjibu kwa fimbo. Mpaka leo tukikumbuka huona haya mbele ya Mola wetu.

Haya tuliyoyajua kwa kuchelewa, wenye elimu wameyafanyia mizani. Daktari Sue Dyson wa Uingereza pamoja na wenziwe walitoa mwaka 2018 orodha ya alama 24 za kumtazamia farasi anayepandwa: masikio yaliyolala nyuma, mkia unaopigwa huku na huku, kinywa kinachofunguka, na nyinginezo. Farasi akionyesha nane au zaidi, yumkini ana maumivu ya misuli au mifupa. Hii ni elimu ya kuwasikiliza wasiosema, na Mtume wetu (S.A.W.) alimkanya mwenye ngamia aliyemtia njaa na kumchosha mnyama wake.

Kijana anayeitaka njia hii na ajue kuwa si fupi. Ataanza kwa kufagia banda, kulisha, na kusafisha kwato, mpaka macho yake yazoee kumjua mnyama mzima na mgonjwa. Kisha asome umbile la mwili, apate cheti kwa watu wanaotambuliwa, na afuatane na fundi mkubwa kabla ya kusimama peke yake. Uingereza, ambako mji wa Walsall umejulikana kwa muda mrefu kwa kazi ya matandiko, kiko chama cha mafundi wa matandiko kilichoundwa mwaka 1966, nacho huwatahini wapimaji. Chama cha farasi cha nchi hiyo, kilichoanza mwaka 1947, huwatahini waalimu wa kupanda. Na sheria yao ya mwaka 1966 imeweka mpaka: kutambua ugonjwa wa mnyama ni kazi ya daktari wa wanyama. Mpaka huu si mgeni kwetu, kwani fiqhi yetu inamtwika dhamana anayejitia utabibu naye hana elimu yake, akadhuru.

Tena na ajue uzito wake. Ni kazi ya kutembea kutoka banda hili mpaka lile, juani na mvuani; wengi hujitegemea bila mshahara wa mwezi; na teke moja laweza kumlaza mtu kitandani. Lakini mtihani mkubwa si huo. Fundi wa matandiko mara nyingi ndiye anayeyauza. Akisema, "Tandiko lako la zamani halifai," anapata faida. Mwenye farasi hajui, na farasi hasemi. Hapo hana shahidi ila Mwenyezi Mungu. Anayeweza kusema, "Tandiko lako ni zuri, lijazwe sufi kidogo tu," akaondoka na ujira mdogo, huyo ndiye mwenye amana.

Na liko jambo la kamari. Farasi wengi wako katika viwanja vya mashindano, kama kile cha Ngong, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1954. Kushindanisha farasi kuna asili katika dini yetu. Kamari ni haramu bila ya shaka. Kijana na aingie kwa mnyama, asiingie kwa mchezo huo. Tena asidhani kuwa atalazimika kuiacha dini yake mlangoni: Agosti 2019 msichana wa Kiislamu wa London, Khadijah Mellah, mwenye umri wa miaka 18, alishinda mbio za sadaka huko Goodwood na hijabu yake kichwani. Alijifunza kupanda katika klabu ya vijana ya Brixton.

Wala si lazima kuanzia mbali. Farasi wako Nairobi, wako Oman na Ghuba, ambako wengi wetu wana ndugu. Lakini mgongo wa punda ni mgongo pia. Lamu, ambako punda wamebeba mji karne kwa karne, palifunguliwa zahanati ya punda mwaka 1987. Ajuaye kumpimia punda shogi amekwisha kushika mlango wa elimu hii.

Tulimwita yule mzee pamoja na mwanawe, tukawasomea haya. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza kijana: "Na hao farasi ukiwakosa?" Kijana akajibu: "Baba, punda wa mtaani kwetu wana vidonda. Nitaanza na hao." Wakaafikiana ahudumu mwaka mmoja chini ya bwana mifugo, ajifunze vidonda na matandiko, akivumilia, baba atamsaidia nauli ya kwenda mbele.

Nasi twawaomba wazee wenzetu: mwana akikuletea kazi usiyoijua, iulize kwanza kama ni ya halali, kama ina elimu, na kama ina nafuu kwa viumbe. Ikiwa na matatu hayo, mpe mkono wako. Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu katika riziki njema, na atusamehe kwa kila mgongo tuliouumiza kwa ujinga wetu. Amin.