Chumba na Sebule Bila Ua

Makazi madogo ya kupanga jijini Dar es Salaam yana madaraja yake, na kila daraja lina jina. Chini kabisa kuna chumba kimoja, ambacho choo na bafu viko nje na hutumiwa na wapangaji wote. Kinafuata chumba masta, chenye choo ndani, kisha chumba na sebule. Vikiongezwa jiko na choo nyuma ya mlango mmoja, hiyo ni nyumba ya kujitegemea, na ikiwa ghorofani huitwa fleti au apatimenti. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wanaokuja kuanza maisha huanzia kwenye moja ya ngazi hizo.

Zamani udogo wa chumba haukusumbua sana, kwa sababu chumba hakikuwa nyumba nzima. Nyumba ya Kiswahili, iliyojaa Kariakoo, Ilala na Magomeni, ina ukumbi katikati, vyumba kama vitatu kila upande, baraza mbele, na nyuma ua wenye jiko, choo, bafu na stoo. Mpangaji alilala chumbani, lakini alipika, alifua, alisuka nywele, alichambua mchele na kupata habari za mtaa uani. Chumba cha futi kumi kwa kumi kilimtosha kwa kuwa kilibeba kitanda, sanduku na usingizi tu.

Maghorofa yameondoa ua. Kariakoo, nyumba za aina hiyo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine kupisha majengo ya ghorofa nyingi. Magomeni Kota, nyumba za zamani ziliondolewa, na Machi 2022 yakazinduliwa maghorofa ya kaya 644. Choo cha ndani, maji ya bomba jikoni na mlango wa kujifungia ni nafuu kubwa, hasa kwa wanawake na watoto waliokuwa wakitoka nje usiku. Lakini anayehamia fleti ndogo anahamia na kazi zote za ua, na kila moja lazima itafutiwe mahali ndani.

Kabla ya kufika huko kuna gharama ya kuingia. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu, sita, au hata mwaka kwa mkupuo. Dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai fedha ya kuzungusha mteja hata asipopata chumba. Kwa hiyo chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi, kikilipiwa miezi sita, kinahitaji shilingi 1,050,000 kabla ya kukodi kirikuu ya kubebea vitu. Utaratibu huu unaumiza: anayelipwa mshahara mwezi kwa mwezi analazimika kukopa ili alipie miezi ambayo hajaifanyia kazi. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kinga kubwa ya mpangaji ni mkataba. Ndiyo maana mkataba wa maandishi usirukwe hata kwa chumba kimoja. Useme kodi itapanda lini, notisi ni ya muda gani, na bomba likipasuka nani atengeneze. Fedha isitolewe kabla ya kuonana na mwenye nyumba, au mtu ambaye ofisi ya serikali ya mtaa inamtambua kuwa msimamizi wake.

Swali linalosahaulika ni la mita ya umeme. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi huwekwa kwenye daraja la chini, ambako uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi. Anayezidi huhamishiwa daraja la kawaida la shilingi 292. Familia tatu zinazochangia mita moja zinaweza kila moja kutumia kidogo, lakini mita inasoma jumla, na jumla hiyo inawatoa wote kwenye bei nafuu. Hapo ugomvi huanza: mwenye friji anasema analipa sawa na mwenye taa mbili, naye mwenye taa mbili anasema hivyohivyo kwa uchungu zaidi. Kwa mita ya peke yako, inafaa kukubali kodi ya juu kidogo. Tena, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hivyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa ingawa deni ni la mwenye nyumba. Njia ya kurudishiana iandikwe mkatabani.

Maji huulizwa kwa siku, yaani yanatoka siku zipi na je, yanapanda hadi ghorofa ya juu. Jengo lisilo na tanki na pampu litamfanya mpangaji apandishe ndoo ngazini.

Ndani, hesabu huanza na kitanda. Cha futi tano kwa sita kinameza futi 30 za mraba katika 100 za chumba, na cha sita kwa sita kinameza 36. Anayeagiza samani kwa mafundi, kama wale wa Keko, apime kwanza mlango na kona ya ngazi. Sofa nyingi nzuri zimekwama ghorofa ya pili. Kitanda cha bolti kinachofunguliwa huhamishika, na chenye miguu mirefu huhifadhi masanduku chini yake. Sebule ndiyo chumba cha wageni, kwa hiyo godoro linalokunjwa lina kazi zaidi ya kochi la tatu.

Jiko ndilo linalohitaji uangalifu kuliko yote. Mkaa uliozoeleka uani haufai ndani, kwani hutoa monoksaidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini chumba kikiwa kimefungwa. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, na cheche ndogo inatosha kuiwasha. Dirisha la jiko liwe linafunguka kweli, na mtungi ufungwe kila baada ya kupika. Madirisha ya pande mbili yanayopitisha upepo husaidia pia katika joto la Desemba hadi Machi, wakati ukuta unaotazama magharibi hubaki wa moto hadi usiku.

Mpangaji mgeni hujitambulisha kwa mjumbe na ofisi ya mtaa, ambako atarudi siku akihitaji barua ya utambulisho. Kujuana na majirani ni kazi zaidi ghorofani kuliko uani, kwa sababu hakuna mahali panapowakutanisha watu wakichota maji au wakipepeta mchele. Kinu kikitwangwa juu, aliye chini anasikia kila pigo. Nguo zisizokamuliwa vizuri humdondoshea maji. Mambo hayo humalizwa vizuri zaidi na salamu zilizotangulia kuliko malalamiko yanayopelekwa mara ya kwanza watu wanapoonana.

Uhitaji wa ua huonekana zaidi siku ya msiba. Katika nyumba ya Kiswahili turubai lilifungwa uani au barabarani, wanawake wakaketi mikekani na sufuria zikainjikwa nyuma. Fleti ya vyumba viwili haiwezi kupokea waombolezaji mia moja. Wakazi wa baadhi ya majengo huomba eneo la kuegesha magari, magari yakatolewa, turubai likafungwa hapo, na majiko ya kupikia waliofika yakapangwa kando ya ukuta.